Aseme Mwenyewe Anaumwa Nini

Jumanne, 2 Aprili 2024

Kwa Mabukwe Clotilda, mama wa mume wangu, uliyenilea kama umenizaa —

Nimeanza kukuandikia. Jioni nilizoea kukaa na wewe nyuma ya nyumba, tunachambua maharage, nakupa habari za siku. Tangu tulipokuzika mwezi wa kwanza nachambua peke yangu. Maneno yanabaki mdomoni kama mbegu za pera.

Habari ya leo si nzuri. Mwanao Revokatus ameacha kuleta chakula. Ulipokuwa hai alikuja kila Jumamosi kutoka Kabonga, na mchele, na sabuni, na mafuta. Nilijua anakuja kwa ajili yako zaidi kuliko yangu. Tulipokunywa fanta za kuganduka, msiba ukafunguliwa, alipanda pikipiki, akaaga amahoro, akaenda. Hajarudi.

Yule mwanamke anayeishi naye Kabonga simlaumu. Amemzalia. Lakini mke aliyeandikwa kwenye vitabu vya serikali pale komini ni mimi, na picha ya siku ile bado iko ukutani, wewe umevaa lile vazi lako la heshima, mvutano wa kijani.

Jana wazee wa baraza, bashingantahe, walikaa kutusikiliza, pale uwanjani, mbele ya mtaa wote, kartiye nzima, kama kawaida. Mimi nilikuja. Revokatus hakuja. Wazee wakaniuliza kwa nini siwezi kufanya kazi kama wanawake wengine. Nikasema nina mgongo. Wakatazamana. Wakasema: peleka tribunali.

Wewe unajua, lakini niandike, maana neno hili sijawahi kuliandika hata mara moja. Fistula. Uchungu ulinishika Ijumaa, nyumbani. Mtoto alitoka Jumapili, amekufa. Kuanzia hapo mkojo ukawa unatoka wenyewe, mchana na usiku, miaka mitatu, mpaka wewe ukanipeleka hospitali Gitega wakanishona. Nimepona — ila daktari alikataza: usibebe kizito, usisukume kitu kwa nguvu, maisha yako yote. Pakichanika tena huenda pasishoneke. Na hapa Rumonge, mwanamke asiyeweza kubeba mikungu ya chikichi wala kusukuma mti wa kinu cha mawese, atakula wapi? Nauza nyanya na ndizi pembeni ya meza ya Kadidja. Leo zinanilisha, kesho hazinilishi.

Tuliojua tulikuwa watatu, wewe, mimi na Revokatus, mbali na waganga wa hospitali. Sasa tumebaki wawili.


Alhamisi, 4 Aprili

Kadidja amefunga Ramadhani, lakini ulimi wake haujafunga. Asubuhi sokoni anapanga samaki wake wadogo, ndagala, mimi nyanya zangu. Akaanza.

— Weye Eliana, umeolewa komini, bendera iko pale, shahidi iko pale, na unanyamaza? Miye bwana yangu Amissi akichelewesha unga siku moja, kartiye yote inajua!

Nikamwambia naona haya. Akasema haya hailiwi na mboga.

Amepoteza pale alipokuwa anaanikia samaki. Ziwa limepanda, limemeza mchanga wote, michikichi ya chini imesimama majini kama watu wanaooga. Anasema ziwa nalo limekuja kudai matunzo, limechoka kutupa samaki bure. Nilicheka. Sijui mara ya mwisho nilicheka lini.

Basi nimekwenda tribunali. Grefiye, karani wao, ni kijana mpole mwenye miwani. Aliandika jina langu refu lote. Akauliza: kwa nini huwezi kujitafutia? Nikasema ugonjwa. Ugonjwa gani? Nyuma yangu watu wamejaa kwenye benchi, nasikia wanavyopumua. Nikasema: wa wanawake. Akaandika, hakuinua kichwa. Nilimshukuru moyoni kwa hilo.


Jumatano, 17 Aprili

Leo tumesikilizwa.

Mabukwe, sikujua watu wanakuja tribunali kama wanavyokwenda mpira. Wengine hawana kesi. Wamekuja na mihogo yao ya kuchemsha, wanakaa, wanasikiliza za wenzao. Nilimwona yule mama anayeuza sabuni. Niliona wawili wa kwaya yetu ya kanisani. Niliona mwenye kinu cha karibu na kwetu, yule uliyekuwa ukimwita Bwana Kikohozi.

Jaji ni mwanamke. Ana sauti ndogo, lakini akisema, hata mihogo inaacha kutafunwa.

Revokatus amekuja na avoka wa kumtetea kutoka Bujumbura, anaitwa Metre Tadeo. Joto letu limemshinda, anajipangusa na leso. Lakini aliyesema neno lenyewe ni Revokatus. Alisimama vizuri, kofia mkononi.

— Mheshimiwa, miye sikatai kumutunza mwenye shida. Kama iko mugonjwa, aseme mwenyewe anaumwa nini. Miye namuona iko muzima. Anaimba kwaya, anasimama masaa na masaa.

Kisha akakaa. Hakunitazama.

Anajua! Alilala kwenye mkeka wa pili miaka ile mitatu. Anajua kuliko mtu yeyote. Na hakunitukana, hakutoa siri. Aliuliza tu. Alijua mbele ya benchi zile nitanyamaza.

Nikanyamaza.

Jaji alingoja. Akasema kwa upole: mama, ukitaka tuseme akutunze kwa sababu huwezi kazi, lazima tujue kwa nini huwezi. Useme weye ama aseme muganga. Kimya siwezi kukiandika kwenye hukumu. Turudi tarehe 8 mwezi wa tano; nisipopata sababu, nitafunga dosiye ya kesi hii.

Nilipotoka yule mama wa sabuni alinishika mkono. Akauliza: kwani unaumwa nini, dada?


Alhamisi, 18 Aprili

Mvua kutwa nzima. Sikuuza kitu. Nimekula ndizi zangu mwenyewe.


Jumamosi, 20 Aprili

Nilipita sante, pale zahanati, kwa randevu yangu ya kupimwa. Schékinah — yule nesi mdogo anayevaa saa kubwa ya kiume — alifunga mlango kabla ya kuniambia. Metre Tadeo alikuja Alhamisi. Alitaka aambiwe natibiwa nini. Alisema anauliza kwa niaba ya mume, na mume ana haki.

— Nilimwambia, hiyo siri iko ya mgonjwa. Haiko ya sante, haiko ya bwana yake. Akaniwekea kalamu mezani, mama, kalamu nzuri ya rangi ya dhahabu! Nikamurudishia. Na vile nilikuwa naipenda!

Tukacheka sote wawili, halafu akawa mzito. Akasema: ukinituma nitakuja kwa jaji nitasema yote, na kwamba huruhusiwi kubeba. Usiponituma, hata waniite namna gani, nitajibu sina ruhusa. Neno ni lako.

Ni jambo geni kuambiwa kitu ni changu. Nyumba ni ya Revokatus. Shamba la Kizuka ni la Revokatus. Kumbe ugonjwa ni wangu.


Jumatatu, 22 Aprili

Nimemwambia Agneta, mwenzangu wa kwaya.

Sikupanga. Tulikuwa kwake tunamenya mihogo, akaimba kile kipande cha sauti ya pili tunachokosea kila Jumapili, akaniangalia akasema: Eliana, kuna kitu kinakukaa kooni. Nikasema yote. Ijumaa mpaka Jumapili, mtoto, vitambaa, Gitega, daktari. Alilia mpaka kisu kikaanguka. Alisema: miaka kumi na mbili tangu turudi kutoka kambini Mtabila, kule Tanzania, tunaimba bega kwa bega, na hukuniambia!

Nilimwomba asimwambie mtu. Akaweka mkono kifuani. Nitamwambia Mungu tu, akasema. Tutafunga pamoja.

Nimelala mchana kidogo. Mwili mwepesi. Labda nilipaswa kusema tangu zamani.


Jumapili, 28 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Unalijua kanisa letu. Mwenye imani anashukuru kabla hajapokea. Anasema "nimepata" na mkono bado mtupu, ili neno lishike, adui asilichukue njiani. Wewe ulikuwa ukicheka. Ulisema Ayubu fundi viatu amemshukuru Mungu kwa baiskeli miaka mingapi, na bado tunapishana naye kwa miguu.

Leo wakati wa ushuhuda Agneta alisimama. Nilikuwa kando yake. Nilidhani atashukuru kwa mjukuu. Akachukua mikrofoni. Akasema anamshukuru Bwana kwa ajili ya rafiki yake — na mkono wake ukanishika bega. Kanisa likasema Amina. Akasema: huyu dada aliteswa na ugonjwa wa aibu. Mtoto alimfia tumboni. Mkojo ulimtoka miaka, bila yeye kujua! Nani alijua? Hakuna aliyejua! Lakini Yesu alijua! Amina. Leo nasema mbele yenu, Mungu amemponya kabisa, anabeba mkungu wa chikichi kichwani kama kijana! Na kesi yake amekwisha shinda!

Haleluya. Ngoma. Watu wakasimama, wakapiga vigelegele. Mtu alinikumbatia, sikuona ni nani. Agneta alikuwa analia kwa furaha. Mabukwe, uso wake ulikuwa unang'aa. Alidhani amenipa zawadi.

Nikaimba wimbo uliofuata. Nilifungua mdomo nikaimba. Sikujua nifanye nini kingine.

Baada ya ibada nilimwambia: Agneta, uliniahidi. Akanishangaa kabisa. Akasema: lakini nilimwambia Mungu!


Jumatatu, 29 Aprili

Bombani mwanamke mmoja alivuta bidoni yake ya maji kando na yangu. Kidogo tu. Kama mtu anayesogeza kiti.

Sokoni ilikuwa wazi. Muuza nguo mmoja alisema kwa sauti, kwa mwenzake, lakini kwangu: kumbe Revokatus alikimbia mafuriko kabla yetu sote! Wakacheka. Walicheka vizuri, mimi mwenyewe nilisikia kwamba ni mzaha uliotengenezwa vizuri.

Kadidja aliweka mizani chini. Akavuka njia.

— Weye unacheka mkojo wa mwenzio? Mdomo wako ndiyo unavuja, na kwa huo hakuna daktari wa kuushona! Amahoro, endelea kuuza.

Akarudi, akakaa, akanipimia ndagala. Hakuniuliza kitu. Baadaye sana akasema, akiangalia samaki: mama yangu alikuwa nao, ugonjwa huu. Alikufa nao. Basi.

Nimekukumbuka mno leo. Zamani uliamka kabla ya watu ukachukua vitambaa vyangu ukaenda kufua ziwani, na mchaichai ndani ya ndoo kuondoa harufu. Siku moja nilikufuata kukusaidia. Nikakusikia nyuma ya mafunjo. Wanawake walikuuliza vya nani hivi. Ukajibu: vyangu, nimezeeka, najikojolea, na nyie mtafika. Wakakucheka. Ukacheka nao. Nilirudi nyumbani taratibu, sikukwambia kwamba nilisikia. Mpaka unakufa kuna watu wa kartiye hii waliokuita Bibi wa Ndoo. Hukuwahi kukojoa ovyo hata siku moja. Hata siku ya mwisho uliomba uinuliwe.


Jumatano, 8 Mei

Tribunali mara ya pili. Benchi zimejaa zaidi ya mara ya kwanza. Sababu naijua.

Nilikuwa nimeamua kumwomba jaji anisikilize pembeni. Sikupata nafasi. Metre Tadeo aliinuka kwanza, leso mkononi, sauti ya kubembeleza. Akasema hakuna siri ya kulinda tena. Ugonjwa wa mama huyu umetangazwa kanisani kwa mikrofoni, watu mia wanaujua. Kwa hiyo tunaweza kuuzungumza. Na aliyeutangaza, rafiki yake wa karibu, alisema nini? Kwamba amepona kabisa! Kwamba anabeba mkungu wa chikichi kichwani! Sasa mtu anayebeba mkungu anadai matunzo ya nini?

Watu wakacheka. Nikaona mabega ya Bwana Kikohozi yanatikisika.

Fikiria, Mabukwe. Mungu alishukuriwa kwa ajili yangu, na shukrani hiyo ndiyo inayofunga mlango.

Jaji aligonga meza. Akamwambia: Metre, mwizi akiniibia nguo, haina maana nimekubali kutembea uchi. Akasema ugonjwa wa mtu hautazungumzwa mbele ya hadhara hii. Tutakaa tarehe 22 mlango ukiwa umefungwa: wahusika, avoka, grefiye, basi. Agneta ataitwa aseme aliona nini. Na nesi atasema kama mimi nitampa ruhusa, na si vinginevyo.

Watu wa mihogo walinung'unika wakitoka. Wamekosa sinema.

Revokatus alikuwa na uso wa majivu. Nilidhani angefurahi.


Ijumaa, 10 Mei

Agneta amepata wito. Alikuja nao, akakaa kwenye kile kigoda chako.

Tuligombana, kama watu wasiozoea kugombana: polepole, kila mtu akiomba radhi katikati.

Nikasema: utamwambia jaji ukweli, kwamba hujaniona nikibeba. Akasema: lakini nilishukuru kwa imani. Nikasema: jaji hataki imani, anataka ulichoona. Akafunika uso na kitenge.

— Dada yangu, hunielewi. Niliyafunga maneno yale mbele za Mungu. Kinywa hiki kikisema leo "hajapona", nitakuwa nimekufungua tena. Pakichanika, itakuwa miye nimekuchana!

Anaamini hivyo kabisa. Anaogopa kwa ajili yangu. Na anaogopa kwa ajili yake pia — mzee wa kanisa amemwambia kwamba ushuhuda haurudishwi, anayerudisha ushuhuda asishike tena mikrofoni. Agneta bila kwaya ni nani? Mume alibaki kaburini Mtabila. Watoto wako Bujumbura. Ana sauti ile ya pili tu.

Nilimpa chai. Hakuinywa. Alipoondoka alichukua ndoo yangu, akanichotea maji kama anavyofanya kila siku, akaiweka mlangoni, akaenda bila kuaga.


Jumapili, 19 Mei

Pentekoste. Agneta hakuja kwaya. Wimbo ulikuwa na shimo katikati, kila mtu alilisikia, hakuna aliyesema.

Schékinah ameniuliza tena: ruhusa? Nikasema sijui. Akasema hataniuliza mara ya tatu, ataoga tu, atakuja, atakaa nje.


Jumatano, 22 Mei

Naandika barazani, nyuma ya tribunali. Wametupa mapumziko. Acha niandike, maana nikiacha nitaanza kukimbia.

Tuliingia chumba kidogo. Madirisha yamefungwa, joto. Nikamwomba jaji niseme Kiswahili. Kirundi cha ugonjwa huu ninachokijua ni kile cha bombani, matusi matupu. Kiswahili nilikisoma kambini, kina maneno ninayoweza kuyashika. Akasema sawa, sote tunasikia.

Agneta aliitwa kwanza. Amekuja! Amevaa sare ya kwaya. Jaji akamuuliza: ulimwona akibeba mkungu?

— Niliona kwa macho ya imani, Mheshimiwa.

Metre Tadeo akaruka: kwa hiyo aliona! Jaji akamtuliza kwa kidole.

— Macho ya kichwani, mama. Haya mawili.

Nje pikipiki ilipita. Nilitaka kumwambia Agneta aache, basi, nitakula ndizi. Akaniangalia. Kisha akasema, sauti imekwisha kabisa:

— Hapana. Sijamuona akibeba. Ndoo ndogo ya kunawia inamuchosha. Maji ya nyumba yake nachota miye, siku zote, hata siku naumwa.

Akalia. Akasema Mungu anisamehe, nimemrudisha mgonjwa. Jaji alimpa maji. Akamwambia kitu kimoja tu: mama, wewe hukumpa ugonjwa, huwezi kumrudishia.

Metre Tadeo hakukata tamaa. Akasema vema, hajapona. Hajapona nini? Kwa sababu gani? Rafiki si muganga. Jaji akanigeukia. Nesi yuko nje, akasema. Unampa ruhusa aseme mbele ya sisi tulio humu? Nikaomba nafasi kidogo. Akanipa.

Sasa Agneta amekaa kushoto kwangu. Schékinah yuko mwisho wa baraza, anatazama saa yake kubwa.

Na Revokatus amekuja. Mara ya kwanza tangu kuganduka amenikaribia. Alichuchumaa mbele yangu, kama zamani Mtabila alipokuwa akiniomba nimgawie muhindi. Amezeeka kando ya macho. Akasema chini-chini:

— Eliana. Uondoe kesi. Jumamosi nitaleta mchele. Kila Jumamosi, kama mama akiwa hai. Naapa. Usimwache yule nesi aseme.

Nikamuuliza: unaogopa nini, si wewe uliyetaka niseme?

Akatazama upande wa nesi. Kisha:

— Nesi akisema ni ugonjwa gani, jaji atauliza ulianzaje.

Mabukwe. Hili nilikuficha. Ijumaa ile ulikuwa Bugarama kwa dada yako. Mkunga wa jirani, Mungu amrehemu, alisema usiku uleule nipelekwe hospitali. Revokatus alisema tungoje asubuhi. Asubuhi akasema tungoje jioni. Alisema wanawake wa kwao huzaa nyumbani, wewe ulimzaa nyumbani, asichekwe. Mlangoni pikipiki ilikuwapo, na mafuta yake. Jumapili alinipeleka mwenyewe, mbio, analia. Uliporudi nilikwambia gari lilikosekana. Ukaamini. Nilifanya hivyo kwa sababu alikuwa mwanao wa pekee, na nilimwona akizika mtoto kwa mikono yake, hakutaka mtu ashike jembe.

Sikumchukia. Hata sasa, amechuchumaa hapa, sipati chuki. Nilimwambia: Revo, mchele wa Jumamosi ulikuwa wa mama yako. Mama amekufa. Wangu nautaka uandikwe.

Akasema: watanicheka.

Nikasema: ndiyo. Humo ndani ni watu wachache. Mimi nilichekwa sokoni.

Akainuka. Magoti yake yalilia. Amesimama pale karibu na ukuta, anatazama viatu.

Nimemwita Schékinah. Nimempa ruhusa aseme kuhusu kushonwa, na kubeba, na alichokataza daktari. Hayo yanamhusu. Lakini ya Ijumaa mpaka Jumapili hakuwepo. Tuliokuwepo ni mimi na Revokatus tu. Akiuliza jaji, nitasema mwenyewe. Sijui kama sauti itatoka. Sijui jaji ataandika nini. Huenda Revokatus atakana, na neno langu ni moja, na lake ni moja, na wewe hupo.

Grefiye amefungua mlango. Anaita jina langu lote. Agneta ameniinua kwa kiwiko.

Yeye ni mwanao, najua. Lakini nami uliniita mwanao, mbele ya watu, bila kulazimishwa. Leo nikimsema, usinikasirikie. Unikumbuke na mimi.